Unaenda Kuala Lumpur mara ya kwanza? Soma hii kabla hujakata tiketi

Naandika hii ili nisirudie tena. Kila baada ya miezi miwili mitatu kuna mtu ananitafuta wasap, "kaka we si ulisoma Malaysia, hivi Kuala Lumpur siku ngapi zinatosha, visa inakuwaje, chakula cha halali kipo, kule wanaongea lugha gani", maswali ni yaleyale na mimi najibu kwa voisi za dakika saba saba mpaka koo linakauka. Sasa yote yako hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Majibu ya haraka kwa wasiopenda kusoma: siku nne zinatosha, Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeenda kutembea haombi visa kabla, halali ipo tele, na Kiingereza cha kawaida kinakufikisha kila mahali. Ila wengi wakirudi wananiambia "mbona mji wa kawaida tu, maduka na magorofa", nikiwauliza walienda wapi nakuta wamezunguka maduka ya Bukit Bintang siku nne, wakapiga picha minara pacha ya Petronas, wakarudi. Huo mji ni Wamalei, Wachina na Wahindi, wengi Watamil, wamekaa mtaa kwa mtaa, na mitaa hiyo karibu yote imeshonwa na njia moja ya treni. Ukiishika hiyo njia umeumaliza mji. Mwongozo wote huu umekaa juu ya hilo.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Pasi yenye zaidi ya miezi sita mbele, na kurasa tupu.
- Tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli, vimechapishwa kwenye karatasi. Narudia, karatasi. Simu ikizima mbele ya ofisa utajuta.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Wanaitaka kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na ukanda wetu unahusika. Chanjo ichome angalau siku 10 kabla ya kufika, usiende kuichoma siku ya safari.
- Fomu ya kuingilia, inaitwa MDAC (nitaeleza hatua ya 1).
- Dola safi za kubadilisha, pamoja na kadi ya benki ambayo umeshawaambia benki yako kwamba unasafiri nayo.
- Apu ya Grab, ya kuita gari la kukodi, ipakue na uisajili ukiwa bado nyumbani kwa sababu inatuma namba ya uhakiki kwenye laini yako.
- Viatu vya kuvua haraka. Utavivua msikitini, hekaluni, hata kwenye baadhi ya gesti.
- Mwavuli mdogo.

Usichohitaji: adapta ya chaji. Soketi zao ni zilezile zetu za miguu mitatu ya bapa. Koti pia acha, joto lao ni la Dar mwaka mzima, ila kwenye treni na kwenye maduka wanawasha kiyoyozi kama wanahifadhi samaki, kwahiyo shati moja la mikono mirefu sio mbaya.

Hatua ya 1: Maliza makaratasi

MDAC ni fomu ya mtandaoni ya idara yao ya uhamiaji, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika, sio wiki mbili kabla, na ni BURE. Kuna tovuti nyingi zinajifanya ndo zenyewe na zinakutoza dola hamsini huko, ukiona unaombwa namba ya kadi jua umepotea njia, toka. Ukimaliza kujaza wanakutumia barua pepe, piga skrinshoti.

Wenye pasi za Burundi, Rwanda na Kongo, nyie mnaomba visa kabla ya kusafiri. Na hata wenzangu msiohitaji, piga simu ubalozini uhakikishe, mambo haya hubadilika na mimi sio serikali.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, utapitia Doha, Dubai, Addis au njia nyingine. Kule wako mbele yetu kwa saa tano.

Hatua ya 2: Chagua pa kulala kwa kufuata reli, usifuate picha

Hapa ndo watu wanakosea kabisa. Unaona hoteli nzuri ya bei poa, picha ina bwawa juu ya paa, unalipia, kufika unakuta kutoka hapo mpaka stesheni ni dakika ishirini na tano kwenye jua na daraja la waenda kwa miguu halipo.

Njia ya kushika inaitwa Kelana Jaya, ni LRT, yani treni nyepesi ya mjini, na stesheni zake za katikati zinakwenda hivi kwa mpangilio: KL Sentral, Pasar Seni, Masjid Jamek, Dang Wangi, Kampung Baru, KLCC (hapo ndo penye minara). Ziandike mahali. Ukilala umbali wa dakika tano kwa miguu kutoka mojawapo ya hizo, umeokoa pesa na miguu. Mimi mgeni wangu namweka Pasar Seni, ni Chinatown pale, gesti ni nafuu, chakula kipo chini ya dirisha. Wenye familia na mizigo mingi KL Sentral. Bukit Bintang ni pazuri kwa wapenda usiku na maduka ila haiko kwenye njia hii, ina treni nyingine, MRT na monoreli yake.

Bei ya hoteli uliyoiona mtandaoni ongezea ringgit 10 (ringgit ndo pesa yao) kwa chumba kwa kila usiku, ni kodi ya utalii kwa wageni, mara nyingi unailipa kaunta. Na hoteli nyingi zinashika amana, wanakurudishia ukiondoka, kwahiyo usigombane na dada wa mapokezi.

Hatua ya 3: Kutua na kutoka uwanjani

Uwanja unaitwa KLIA, uko mbali na mji, zaidi ya kilomita 50, na una majengo mawili, Terminal 1 na Terminal 2. Angalia tiketi yako ya kurudi inasema lipi, maana kukosea jengo siku ya kuondoka ni kilio.

Kwa ofisa wa uhamiaji jibu kifupi. Umekuja kutembea, siku nne, unalala hapa, tiketi ya kurudi hii hapa. Nitasema wazi bila kuzunguka, sisi wenye pasi za Afrika mara nyingine tunaulizwa zaidi ya mzungu aliye mbele yetu kwenye foleni, inaudhi, lakini pale sio mahali pa hotuba. Toa karatasi zako, tabasamu, pita. Idadi ya siku utakazopewa iangalie hapohapo kabla hujaondoka dirishani.

Ukishatoka fanya kwa mpangilio huu: nunua laini ya simu ya watalii (wanataka pasi), badilisha dola hamsini tu za kuanzia kwa sababu viwango vya mjini huwa bora kuliko vya uwanjani, halafu chagua usafiri:

a) Treni ya KLIA Ekspres, ringgit 55, dakika 28 kutoka Terminal 1 mpaka KL Sentral, kutoka Terminal 2 dakika 33. Haina foleni ya magari.
b) Basi mpaka KL Sentral, ringgit 15 hivi, saa nzima na zaidi kidogo. Hii ni ya mfuko wa mwanafunzi.
c) Grab, inaenda kama ringgit 70 mpaka 100 ukiweka na tozo za barabara, mkiwa watatu au wanne hii ndo nafuu kuliko treni.

Jamaa atakayekufuata ndani ya jengo na kukuambia "teksi teksi bos", mpite. Mimi siku yangu ya kwanza kabisa nilimfuata mmoja, nikalipa karibu mara tatu ya bei, na kufika hosteli wenzangu wakanicheka wiki nzima.

Hatua ya 4: Kadi ya treni

Nunua kadi ya Touch 'n Go, weka ringgit ishirini au thelathini, unagonga kuingia unagonga kutoka, basi. Mara nyingine kadi zinaisha kwenye kaunta ya stesheni, jaribu maduka madogo. Ukikosa, mashine zinauza tokeni, kidude cha plastiki cha bluu kama kifungo kikubwa. Tokeni unaigusisha wakati wa kuingia ila wakati wa kutoka unaidumbukiza kwenye tundu, kwahiyo usiiweke mfuko mmoja na sarafu, utasimama getini unachambua mifuko na watu nyuma wanakuangalia.

Treni zinaanza kama saa 12 asubuhi na zinakata karibu saa 6 usiku. Baada ya hapo ni Grab.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, tembea kwa miguu kuanzia Pasar Seni

Toka hoteli saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea. Shuka Pasar Seni. Jengo la Central Market hapo lilianza kama soko la vyakula mwaka 1888, sa hivi ni vinyago na batiki, pita tu, zawadi nunua siku ya mwisho.

Kinachonifurahisha mimi ni hiki: ndani ya mwendo wa dakika kumi unapita hekalu la Kitao la Sin Sze Si Ya la mwaka 1864, moshi wa udi unakupiga puani kama umeingia harusini Mji Mkongwe, kisha hekalu la Wahindi la Sri Maha Mariamman lililoanzishwa 1873, lango lake limejaa masanamu ya rangi mpaka juu, kisha unateremka mtoni unakuta Masjid Jamek, msikiti wa 1909 wa matofali mekundu na nakshi nyeupe, umekaa pale mito miwili inapokutana, Klang na Gombak. Hapo ndo mji ulipozaliwa, wachimbaji wa Kichina walifika 1857 kutafuta bati, na jina lenyewe Kuala Lumpur maana yake ni makutano ya mito yenye tope. Watu wa Jangwani mtaelewa.

Vuka mto, uwanja wa Merdeka uko mbele yako na jengo la Sultan Abdul Samad la 1897 lenye saa. Bendera ya Uingereza ilishushwa pale usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1957. Uhuru wenyewe ulitangazwa asubuhi yake kwenye Stadium Merdeka, ambapo sa hivi pembeni yake limesimama ghorofa la Merdeka 118, mita 678.9, la pili kwa urefu duniani, utaliona kila ukiinua kichwa.

Misikitini watalii wanaruhusiwa nje ya nyakati za sala na majoho ya kujistiri wanatoa bure. Ijumaa mchana usipange kabisa kutembelea, labda uwe unaenda kuswali. Waislamu: neno la kutafuta ni "surau", chumba cha sala, kipo kwenye karibu kila duka kubwa.

Hatua ya 6: Kula, na lugha ya kulia

Hii hatua nitakaa kidogo kwa sababu watu wanakufa njaa kwenye mji wa chakula, wanakula kuku wa kukaanga wa Kimarekani siku nne.

Kimalei na Kiswahili wote wawili tumekopa sana kwa Mwarabu, na tumekopa kidogo kwa Mreno, kwahiyo utasikia maneno unayoyajua. Dunia ni dunia. Bendera ni bendera. Nanasi ni nanas, limau ni limau, meza ni meja, sabuni ni sabun, maskini ni miskin. Salamu yao "apa khabar" ni habari gani kabisa kabisa. Ila kuna mitego. "Kuku" kwao ni ukucha. Rafiki yangu mmoja alifika mgahawani amechoka na safari, akajisahau, akamwambia mhudumu "kuku, kuku", yule kijana akaangalia kucha zake, akaziangalia tena, akazificha nyuma. Kuku ni "ayam". "Dada" ni kifua, usimwite mtu hivyo. Na "kakak" ni dada mkubwa, sio kaka. Mwanamke mtu mzima anayekuuzia chakula mwite "makcik", ni kama kusema shangazi au mama, utaona anavyokuongezea mchuzi. Kijana wa mgahawani yeye anaitwa "bos", na wewe pia anakuita bos, wote mabosi.

Halafu "nasi" ni wali. Sasa chakula chao kikubwa cha asubuhi ni nasi lemak, yani wali uliopikwa kwa tui la nazi, wali wa nazi huohuo wa nyumbani, ila wanaweka na sambali ya pilipili, dagaa wa kukaanga, karanga, tango na yai. Uliofungwa kwenye jani la mgomba ni ringgit mbili mpaka nne, unashiba mpaka adhuhuri.

Pa kuanzia ni mgahawa wa "mamak", ni Wahindi Waislamu, halali, mingi iko wazi mpaka usiku wa manane. Kaa, agiza roti canai, ni ndugu wa chapati ya kusukuma lakini inarushwa hewani mpaka inakuwa nyembamba kama kanga ya kuchakaa kisha inakunjwa, inakuja na mchuzi wa dengu. Tupu bila kitu ndani unasema "roti kosong". Na teh tarik: tarik ni kuvuta. Simama karibu na kaunta umwangalie mwenyewe, kopo moja kalishika juu ya bega lingine chini ya kiuno, chai na maziwa ya kopo vinateremka kama uzi mrefu wa kahawia, anahamisha mara nne tano mpaka povu linasimama, na hamwagi hata tone sakafuni huku anabishana mpira na mteja. Ni tamu sana, kama una sukari sema "kurang manis", ipunguzwe utamu.

Ya Kihindi, nenda Brickfields, ni mtaa wa Wahindi kwa miguu kutoka KL Sentral, ule wali kwenye jani la mgomba. Wanakuwekea mboga na michuzi na wanaongeza wenyewe, ukishiba kunja jani. Mkono wa kulia, bila shaka.

Ya Kichina, Jalan Alor au Petaling Street. Angalizo kwa Waislamu: pale nguruwe yupo, jina lake "babi", na kibao kinachosema hakuna nguruwe hakimaanishi halali, tafuta alama rasmi ya halali au uliza.

Matunda, Wazanzibari mtajiona nyumbani: rambutan ndo shokishoki, na durian ndo doriani. Kula hapohapo barabarani umalize, usiingie nayo kwenye treni wala hotelini, imepigwa marufuku na harufu itakusemea.

Hatua ya 7: Batu Caves, na wahi

Mapango ya Wahindu kaskazini mwa mji, kama kilomita 13. Sanamu la dhahabu la mungu wao Murugan nje lina mita 42.7 na limesimama tangu 2006, ngazi ni 272, zilipakwa rangi za upinde wa mvua mwaka 2018. Pango kuu ni bure.

Panda treni ya KTM kutoka KL Sentral, ni ringgit chache na stesheni ya mwisho iko miguuni pa mlima kabisa. Hii sio kama LRT ya kila dakika chache, ukiikosa unakaa nusu saa au zaidi, kwahiyo angalia ratiba. Na akina baba, soma rangi ya behewa! Mabehewa ya waridi ya katikati ni ya wanawake tu. Mimi nilikaa, nikanyoosha miguu, nikafungua simu, nikawa najiuliza mbona leo wanaume hawasafiri, mpaka bibi mmoja mwenye mtandio akanigusa bega na kunionyesha kibao kwa kidole gumba bila kusema neno. Behewa zima linaangalia nje ya dirisha kwa adabu. Nilihama.

Funika magoti, kina mama kwa kina baba, hilo ni hekalu. Ukifika na kaptula wanakukodishia kitambaa pale chini. Saa mbili asubuhi ni pazuri, saa sita mchana ni adhabu. Chakula usishike mkononi, tumbili wa pale wanajua zipu ya begi kuliko wewe.

Ukija wakati wa Thaipusam, sikukuu ya Wahindu, Januari au Februari, mkokoteni wa fedha unatoka lile hekalu la Mariamman ulilolipita siku ya kwanza mpaka hapa, na umati ni wa kuhesabu kwa malaki. Ni kitu cha kuona mara moja maishani ila sio siku ya kuja na watoto wadogo.

Hatua ya 8: Minara, lakini pitia Kampung Baru

Minara pacha ya Petronas ina mita 452 na ghorofa 88, daraja linaloiunganisha liko ghorofa ya 41 na 42. Kupanda ni karibu ringgit mia kwa mtu mzima mgeni, tiketi nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, na Jumatatu wanafunga. Mimi nasema kupanda sio lazima, ukiwa juu ya minara huioni minara.

Fanya hivi. Saa kumi na moja jioni shuka stesheni ya Kampung Baru. Ni kijiji cha Wamalei kilichotengwa mwaka 1900 na mji ukakikulia pande zote, nyumba za mbao zenye baraza, majogoo, nguo zimeanikwa, na nyuma yake minara inang'aa. Kula pale samaki wa kuchoma, "ikan bakar". Giza likiingia (jua kule linazama saa moja na dakika ishirini hivi, Swahili taimu yetu inayumba kidogo) vuka kwa daraja la Saloma la waenda kwa miguu, lilifunguliwa 2020, umbo lake limetokana na mpangilio wa majani ya tambuu wa harusini na linabadilika rangi usiku. Unatokea upande wa KLCC, bustani iko pale na chemchemi za taa ni bure. Ukichoka kutembea dukani, kuna njia ya juu yenye kiyoyozi kutoka hapo mpaka Bukit Bintang.

Hatua ya 9: Siku ya nne

Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu karibu na Masjid Negara (msikiti wa taifa), ni ya nguvu, nusu siku. Baadaye zawadi Central Market. Imetosha.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kupanga maeneo sita kwa siku. Joto na unyevu vitakumaliza saa saba mchana, pumzika, toka tena saa kumi.

Kubeba mzigo wa mtu. "Nipelekee tu huu mfuko kwa ndugu yangu Kuala Lumpur." Hapana. Hata kama ni mtoto wa mjomba. Adhabu ya kifo kwa dawa za kulevya bado ipo kule, mwaka 2023 walichoondoa ni ulazima wake tu.

Kuvuta sigara mgahawani, hata ya nje. Kuna faini.

Kuonyesha kitu kwa kidole cha shahada, wao wanatumia gumba. Na kichwa cha mtoto wa mtu usikiguse ovyo.

Ikikwama

*Ofisa kakuvuta pembeni uwanjani.* Kaa mtulivu, onyesha hoteli, tiketi, pesa ya matumizi. Wengi wanaachiwa baada ya maswali. Usitoe hadithi mpya kila ukiulizwa.

*Geti la treni halifunguki.* Salio limeisha au hukugonga vizuri wakati wa kuingia. Nenda kaunta, usirukie.

*Dereva wa Grab hakuoni.* KL Sentral na maduka makubwa yana milango kibao, simama kwenye mlango wenye namba au jina kisha andika jina hilo kwenye meseji.

*Mvua.* Mara nyingi inakuja alasiri na radi, inamwaga kama ndoo halafu inakata. Magari yanasimama na bei ya Grab inapaa, kunywa chai ya pili.

*Mlango haufunguki.* "Tolak" sukuma, "tarik" vuta. Kama kwenye chai.

*Kadi ya benki imekataa.* Jaribu mashine ya benki nyingine kabla hujachanganyikiwa, na ndo maana nilisema beba dola.

*Pilipili imekushinda.* Maji hayasaidii, kula wali mtupu au maziwa. Kesho yake agiza kwa kusema "tak nak pedas", sitaki kali. Maji ya bomba wenyeji wenyewe wanachemsha, nunua ya chupa.

*Pasi imepotea.* Ripoti polisi kwanza upate karatasi, kisha ubalozi wako, Tanzania na Kenya zote zina ofisi palepale mjini. Dharura yoyote namba ni 999. Na ile nakala ya pasi ambayo sikukuambia mwanzoni, itoe sasa hivi uiweke kwenye begi tofauti.